Orodha Isiyo na Jina la Mwalimu

Butembo huamka ndani ya ukungu. Mji huu wa mashariki mwa Kongo uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ingawa mstari wa ikweta unapita jirani kabisa, asubuhi ya huku haifanani hata kidogo na joto ambalo wageni huja wakilitarajia. Watoto wanashuka vilima wamevaa sweta juu ya sare, wengine wameshika kidumu cha maji kwa sababu shuleni hakuna bomba. Wanaimba wimbo wa taifa wakitoa mvuke mdomoni. Kisha wanaingia darasani, mwalimu anafungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita.

Hapo ndipo mgeni hushangaa. Kambale. Kambale. Kambale. Kasereka, Kasereka, Paluku, Kambale tena. Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira, humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na binti wa kwanza ni Masika. Darasa lililofurika lina akina Kambale wa kujaza dawati zima na zaidi. Mwalimu aliyeiva hawachanganyi. Anajua yupi ni wa fundi cherehani wa karibu na soko, yupi analelewa na bibi yake, yupi jana alilala bila kula. Mimi ukiniambia nipime ualimu wa mtu, sitaanza na matokeo ya mtihani. Nitakaa dawati la nyuma nimsikilize anavyoita majina.

Sasa tugeuze swali. Jina la mwalimu mwenyewe linaitwa na nani?

Kuna orodha moja iliyoko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Kwa miaka mingi ilitunzwa na ofisi iliyojulikana nchi nzima kwa jina la SECOPE, na sasa iko chini ya DINACOPE. Ni orodha ya walimu wanaolipwa na serikali. Aliyeingia humo, watu husema amemekanizwa: jina lake limo kwenye mashine, mwisho wa mwezi fedha zitafika benki. Asiyeingia anaitwa N.P., herufi mbili za Kifaransa zenye maana ya asiyelipwa. Kati yao wako wenye namba ya utumishi wasio na mshahara, na wako wasio na hata hiyo namba. Katika shule moja ya Beni au Butembo unaweza kukuta walimu wawili wanaofundisha madarasa yanayotenganishwa na ukuta wa mbao, wanaoanza saa moja na nusu wote na kumaliza saa sita wote, mmoja akiwa kwenye orodha na mwingine hayumo. Wa pili anaweza kuwa amesubiri mwaka, anaweza kuwa amesubiri kumi.

Nayasema haya mapema kwa sababu makala hii imekusudiwa kuwa ya sifa, na sifa za walimu kwetu zina tabia ya kuruka jambo hili.

Sherehe zipo, tena mbili kwa mwaka. Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kitaifa ya Elimu nchini Kongo, na tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1994 kukumbuka mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu yaliyopitishwa na UNESCO na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1966. Anayejua mji wetu anajua ratiba yake bila kusoma tangazo: misa au ibada, maandamano yenye vitambaa vya maandishi, hotuba ya mkuu wa elimu, hotuba ya mwakilishi wa chama cha walimu ambayo huwa ndefu na kali kuliko iliyotangulia, mechi ya kandanda ambamo wazee wa hesabu huaibishwa na vijana wa mazoezi ya viungo. Kisha kamati ya wazazi, ambayo hapa kila mtu huiita COPA, hutoa zawadi. Kitenge kwa mwalimu wa kike, shati au kitambaa cha suruali kwa wa kiume, pengine mbuzi kwa mkuu wa shule. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda cha mwalimu wetu kina vumbi la chaki, lakini siku hiyo moja watu hujitahidi kukivika.

Serikali nayo ina namna yake ya kusifu. Kila mwaka mtumishi wa umma hupewa alama na mkubwa wake, na alama ya juu kabisa inaitwa Elite, ikifuatiwa na Nzuri Sana, Nzuri na Hafifu. Cheo kizuri kukisikia. Mwalimu anaweza kupata Elite mwaka hadi mwaka, karatasi zikawekwa kwenye faili, faili likawekwa kabatini, na kabati likaliwa na mchwa.

Wanaobaki katika kumbukumbu kwa herufi kubwa ni wachache, nao mara nyingi ni waanzilishi. Wa kwanza hapa hana mpinzani: Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997. Watu wa umri wangu tulimkuta tayari ni kama mlima, kitu ambacho kimekuwapo siku zote. Alikuwa kiongozi wa Kanisa, lakini ukiwauliza wazee juu yake watakueleza barabara na daraja kabla ya kukueleza mahubiri. Huu ni mji wa wafanyabiashara, mji ambao umezoea kujitengenezea barabara, umeme na zahanati bila kungoja mtu wa Kinshasa, na Kataliko aliijua tabia hiyo na kuitumia. Mwaka 1989 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kabla ya hapo kijana wa Butembo aliyefaulu alikuwa na safari ya Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, na kwa barabara za Zaire ya wakati ule safari hiyo ilikuwa mtihani mwingine juu ya mtihani. Wengi waliokwenda hawakurudi. Walipata kazi huko, wakaoa huko. Chuo kilipofunguliwa nyumbani, mwalimu wa sekondari mwenye shahada aliacha kuwa kitu cha kuagiza kutoka mbali.

Jina Graben linatokana na neno la Kijerumani la wanajiolojia kwa bonde la ufa, lile bonde ambalo mji huu unalikalia ukingoni. Nimewahi kufikiri kwamba ni jina la ajabu kupewa chuo, shimo. Baadaye niliacha kufikiri hivyo.

Mwaka 1997 Kataliko alihamishiwa Bukavu, kwenye kiti cha askofu mkuu kilichoachwa wazi na Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Oktoba 1996. Huko aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999 iliyowaudhi waasi wa RCD waliokuwa wakitawala mashariki. Februari 2000 walimzuia kukaa Bukavu wakamleta uhamishoni. Na uhamisho wenyewe ulikuwa wapi? Butembo. Walidhani wanamwadhibu kwa kumrudisha kwa watu aliowajengea shule. Aliruhusiwa kurudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki huko Roma. Siku iliyofuata ilikuwa Siku ya Walimu.

Kuna wengine. Padri Apollinaire Malumalu, ambaye Wakongo wengi wanamkumbuka kama mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya mwaka 2006, alikuwa mkuu wa chuo hichohicho cha Graben. Alifariki Marekani mwaka 2016. Na kule Beni kuna jina la David Kasali, aliyekuwa akiongoza chuo cha juu cha theolojia jijini Nairobi, kazi ambayo wengi wangeishika kwa mikono miwili. Akarudi nyumbani na mwaka 2007 akaanzisha na wenzake Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Wakati ule aliyekuwa na pasipoti na elimu alikuwa akitafuta njia ya kutoka Beni. Miaka saba baadaye, Oktoba 2014, mauaji ya raia yakaanza kuzunguka mji huo, na chuo hakikufunga virago.

Hawa wanastahili. Lakini ukisoma historia ya shule za huku kwa makini utaona kwamba nyuma ya kila mwanzilishi kuna umati wa wazazi na walimu uliomsukuma. Mfano ninaoupenda ni wa Katwa, pembeni tu mwa Butembo, kwa Wabaptisti. Wamisionari wao wa Kimarekani walikuwa na msimamo kwamba kanisa lisipokee fedha za serikali, hivyo wakati misheni za Kikatoliki zilipojenga shule kwa ruzuku ya Wabelgiji, wao walikataa. Kwa mmisionari lilikuwa suala la dhamiri. Kwa mzazi wa Katwa lilikuwa suala la mtoto wake kuachwa nyuma na mtoto wa jirani Mkatoliki. Ugomvi uliiva hadi kanisa likapasuka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwanahistoria Jack Nelson ameuandikia kitabu kizima. Kanisa lililotokana na vuguvugu hilo ndilo leo linajulikana kama CBCA, na shule zake zimejaa mji mzima. Waliopigania shule hizo hawana sanamu popote. Walikuwa walimu wa vijijini, makatekista, wazee wa kanisa, watu wa kalamu moja na baiskeli moja.

Mpangilio wa leo wa shule za makanisa ulitokana na mkataba wa Februari 1977. Rais Mobutu alikuwa amezitaifisha mwaka 1974, akagundua haraka kwamba hana wa kuziendesha, akazirudisha kwa masharti: serikali italipa walimu na kuweka mitaala, makanisa yatasimamia. Ndiyo maana ukutani unakuta E.P., yaani shule ya msingi, na jina la mtakatifu, au Institut na herufi za jumuiya ya Kiprotestanti, Kiadventista, Kikimbanguisti, Kiislamu. Mpangilio mzuri, isipokuwa mwalimu anapouliza mshahara wake. Hapo waajiri huwa wawili, na wote wawili hunyoosha kidole upande wa pili.

Mkuu wa shule amebanwa katikati yao. Wa msingi anaitwa dirigenti au dirikiteri kutegemea anayesema ni nani, wa sekondari anaitwa prefe, na kila mtu humsalimu "Bwana Prefe" hata miaka kumi baada ya kustaafu. Kazi yake ingefaa kutajwa zaidi katika hotuba za 30 Aprili. Prefe wa Butembo ni mhasibu, mwamuzi wa ndoa za walimu wake, fundi wa mabati, mwombaji. Anapokea watoto wasio na minervali, yaani ada ya shule, na kujua kwamba akiwafukuza wote atabaki na madawati, asipowafukuza hata mmoja walimu hawatapata cha kugawana. Nimewahi kumwona mmoja akisimama langoni asubuhi ya kufukuza, daftari la madeni mkononi, akitazama upande mwingine kila mtoto wa familia fulani alipopita. Hakuna fomu ya Elite yenye nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

Basi tuzungumze hizo fedha, kwa sababu huwezi kumheshimu mwalimu ukakwepa mfuko wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Zaire ikiporomoka, serikali iliacha kulipa walimu mshahara wa maana. Maaskofu na wazazi wakakubaliana kwamba mzazi aongeze kitu, kwa muda tu, ili shule zisifungwe. Wakauita primu. Ule "muda tu" ulidumu robo karne. Kizazi kizima cha Kongo kilisomeshwa na wazazi wake moja kwa moja, kwa fedha za kahawa, maharage, mbao na maduka, wakati Katiba ya 2006, ibara ya 43, ikisema wazi kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi akaamua ibara hiyo itekelezwe. Mtoto wa msingi asilipe tena. Mimi ni miongoni mwa waliofurahi, na bado nafurahi: watoto waliokuwa wakiuza karanga kandokando ya barabara waliingia darasani, mabinti hasa. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwaka uliofuata kuunga mkono mpango huo. Ila bure ya mzazi ililipwa na mtu, na mtu huyo kwa sehemu kubwa alikuwa mwalimu. Wa kijijini aliyekuwa akipata primu ya kuku na mahindi alinufaika pale mshahara ulipopanda. Wa mjini, ambaye primu yake ilizidi mshahara, alijikuta na kipato kidogo na watoto maradufu. Na yule N.P., aliyekuwa akiishi kwa primu peke yake, aliamka siku moja akiwa hana primu wala mshahara. Aliendelea kuingia darasani. Wenye akili za mahesabu wananiuliza kwa nini, nami sina jibu la kuwaridhisha zaidi ya kwamba watoto walikuwa wameshakaa.

Migomo ilifuata, mwaka baada ya mwaka. Oktoba 2021, walimu wa shule za Kikatoliki wakiwa wamegoma, wanafunzi wa Kinshasa walivamia jengo la Bunge wakidai walimu wao warudishwe. Kuna namna nyingi za kumtunuku mwalimu. Sijaona iliyo wazi kuliko hiyo ya mtoto kuvunja lango la Bunge kwa sababu hakuna wa kumfundisha.

Huku kwetu darasa limepitia mambo ambayo mtaala haukuyaandika. Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa, kitovu chake kikiwa Mangina, upande wa magharibi wa Beni. Mpaka inatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa, hasa katika mkoa huu wa Kivu Kaskazini na kwa jirani zetu wa Ituri. Shule zilifunguliwa Septemba kama kawaida, kukiwa na ndoo za maji yenye klorini langoni na mtu wa kupima joto kwa kile kifaa kinachoelekezwa kipajini kama bastola. Kwa watoto wa Beni, wanaoijua bastola halisi, haukuwa mzaha.

Ugumu haukuwa ndoo. Watu hawakuamini. Walikuwa wameona mauaji kwa miaka minne bila dunia kuja, kisha ugonjwa ukaja na magari meupe mia. Desemba 2018 uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo, sababu ikitajwa kuwa Ebola na usalama, na hapo hata aliyekuwa ameanza kuamini akaacha. Beni watu walipanga foleni wakapiga kura zao wenyewe za mfano, wakinawa mikono kabla ya kupiga. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali ya chuo cha Graben, chuo cha Kataliko. Katika hali hiyo, sauti gani ingeweza kuingia nyumbani ikasikilizwa? Daktari alikuwa mgeni, askari alikuwa askari, mwanasiasa alikuwa mwongo. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa anajulikana. Alimfundisha baba, sasa anamfundisha mtoto. Mtoto alirudi nyumbani akasema "mwalimu amesema tunawe," na mama akaweka ndoo. Hilo halikuandikwa katika takwimu za ugonjwa.

Na Beni kuna kuita majina kwa namna nyingine. Tangu 2014 vijiji vya barabara ya Mbau, Oicha na Eringeti, kisha upande wa Ruwenzori hadi Kasindi, vimekuwa vikishambuliwa na wapiganaji wa ADF. Kijiji kinapokimbia, shule nayo hukimbia. Inaandikwa kwenye makaratasi kama shule iliyohamishwa: mkurugenzi, walimu watatu kati ya sita, rejesta, muhuri, na watoto waliopatikana, wote wakiomba nafasi ya mchana katika majengo ya shule mwenyeji. Asubuhi wanasoma wenyeji, adhuhuri wanaingia wageni. Mwaka 2024, vita vya waasi wa M23 vilipopanda kupitia Kanyabayonga na kusukuma watu wa kusini mwa Lubero kuelekea Butembo, mlango uleule ulibishwa hodi. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025 utawala wa mkoa ukahamia Beni, na mji wa shule zilizohamishwa ukawa mwenyeji wa serikali iliyohamishwa.

Mwalimu wa shule ya namna hiyo, siku ya kwanza, hufungua rejesta ileile ya kijijini na kuita. Hakuna anayemwambia aanze upya. Anaita jina, anangoja, anaweka alama, anaendelea. Ambao hawaitiki wanaweza kuwa kwa shangazi Butembo, wanaweza kuwa Uganda, wanaweza kuwa porini na waliowachukua. Hakati jina mpaka ajue. Juni 2023, wapiganaji haohao wa ADF walivuka mpaka wa Uganda wakachoma bweni la shule ya Lhubiriha, Mpondwe, ng'ambo tu ya Kasindi, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Huko wanakaa Wakonzo, ndugu zetu kwa lugha na damu. Majina yale tuliyatambua.

Mwezi Aprili 2021 wanafunzi wa Beni, wa msingi na sekondari, walikwenda kukaa uani mwa ofisi ya meya. Walilala pale siku kadhaa, na sare zao, wakidai amani na wakimtaka Rais aje mwenyewe. Wapo waliosema wametumwa. Mimi niliwatazama nikaona kitu kingine: walikaa kwa safu. Wakubwa waliwahesabu wadogo. Walizungumza kwa zamu, na mwenye kuzungumza alisimama. Mtu alikuwa amewafundisha hayo, kwa miaka, katika darasa la mbao lenye sakafu ya udongo. Mwanzoni mwa Mei hali ya dharura ya kijeshi ikaanza Kivu Kaskazini na Ituri.

Mwaka 2019, Mkenya Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hesabu na fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko, Nakuru, alishinda tuzo ya dunia ya walimu yenye dola milioni moja. Ilisemekana alikuwa akigawa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini. Tulifurahi hadi Butembo. Baadaye nikamsikia mwalimu mmoja wa hapa, N.P. wa siku nyingi, akisema kwa utulivu kwamba yeye pia hugawa asilimia 80, shida ni asilimia 80 ya nini. Tulicheka sana meza nzima, naye akaendelea kula bugali yake.

Sipingi tuzo. Hata mgema kuna siku anastahili kusifiwa, na kama tembo litatiwa maji basi na litiwe. Ila nikiwa kwenye kamati ya kuandaa 30 Aprili, ningeomba jambo moja kabla ya kitenge na mbuzi: mtu apande jukwaani asome majina ya walimu wote wa mji walio nje ya orodha ya Kinshasa, moja baada ya jingine, kwa sauti, mbele ya mkuu wa elimu, kama wao wanavyoyasoma ya watoto wetu. Itachukua muda. Mechi ya kandanda itachelewa.

Wakati huohuo watu wana namna yao. Siku matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, mtihani tulio nao tangu 1967, zamani kupitia redio na sasa kwenye simu, mji wote hulipuka. Aliyefaulu humwagiwa poda ya watoto kichwani, usoni, shingoni, akakimbia mitaani mweupe kama mzimu, wenzake nyuma yake wakipiga sufuria. Msafara haumalizikii nyumbani. Hupita shuleni, au kwa mwalimu, na mwalimu naye humwagiwa, apende asipende, awe amemekanizwa au hajamekanizwa.

Jioni utamwona akipanda kilima kurudi kwake, koti limepauka mabegani, kila hatua anasimamishwa. "Mwalimu, wamefaulu wangapi?" Anataja idadi. Halafu, bila kuulizwa, anaanza kutaja majina.